Sifuri Tatu za Kituo cha Saba

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Daftari hili nimepewa na wifi yangu. Kama mtu angeniambia mwaka jana kwamba nitapokea kitu kutoka kwa wifi yangu na nikakitumia, ningemcheka mpaka nidondoke. "Andika kila siku ulichojaribu na kilichokukatalia," amesema. "Kukosea si aibu, wifi. Aibu ni kukosea kosa lile lile mara mbili." Haya, naandika.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi ni karani wa mvua. Watu wakisikia hucheka, lakini ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto. Huu mwaka wa kumi na tisa, kila asubuhi napokea vipimo vya mvua kutoka vituo kumi. Usidhani kituo ni jengo. Ni chombo cha bati kilichosimikwa uani kwa mtu, na mtu huyo saa moja asubuhi hutoka, hupima maji yaliyoingia tangu jana, kisha hunitumia ujumbe wa simu. Mshahara hana. Hupewa koti la mvua kila baada ya miaka miwili, na barua ya shukrani. Mimi nasoma ujumbe, naandika namba kwenye jedwali kwa mkono, basi.

Leo mkuu wa ofisi kaniita. Ni mtu mnyoofu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na hasemi maneno matatu kama mawili yanatosha.

"Barua imetoka juu," akasema. "Mvua hizi zikiisha, kituo ambacho namba zake haziingii zenyewe kwenye kompyuta kitafutwa. Italetwa mitambo."

"Mingapi?"

"Mitatu."

"Na watu wangu kumi?"

"Tutawaandikia barua ya shukrani."

Damu ikanipanda. Nikasikia sauti ikisema, "Programu ya kuziingiza nitaiandika mimi," na sauti yenyewe ilikuwa yangu. Mimi, ambaye kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi! Mkuu akanyoosha kola, akasema, "Sawa. Mpaka mvua ziishe."

Ndipo ikabidi nimeze mate machungu niende kwa wifi. Anafundisha programu chuoni. Tangu harusi yangu hatupikiki chungu kimoja, kwa sababu alisema mbele za watu kwamba kaka yake ameoa kipaza sauti. Alinifungulia mlango, akasikiliza yote, akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta yake na kuniambia nikae.

Tarehe 4

Jua kali. Nimejifunza kuwasha, kuzima na kuhifadhi kazi. Kuhifadhi nimejifunza baada ya kuzima.

Tarehe 6

Programu yangu ya kwanza! Nimeiambia ichukue vipimo viwili kutoka kwenye ujumbe, 12 na 8, ivijumlishe. Ikanijibu 128. Nikaiamrisha tena. 128. Nikamwita wifi kwa sauti ile ile aliyoitangaza harusini.

Alipoona akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikaudhika, maana sioni cha kuchekesha katika kompyuta isiyojua hesabu.

"Ujumbe wa simu ni maandishi, wifi," akasema akijifuta machozi. "Wewe ukiona 12 unaona namba. Kompyuta inaona alama mbili tu zilizokaa pamoja, kama inavyoona a na b. Ukiiambia iongeze, inachofanya ni kuyapanga maandishi kwenye foleni, hili nyuma ya lile. Lazima kwanza uyageuze yawe namba."

"Mbona haijui yenyewe? Mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Mtoto ana mama. Hii ina wewe."

Jioni nimemhadithia mume wangu, akacheka upande wa dada yake. Kesho atajipakulia mwenyewe.

Tarehe 9

Lugha hii ya programu ina amri mbili za kugeuza maandishi kuwa namba, na mimi nimezipa majina. Ya kwanza ni Mkali. Ukimpa "12" anakupa kumi na mbili. Ukimpa "milimita 12" au "12 mm" anakufukuza: si namba! Ya pili ni Mpole. Huyu husoma kuanzia mwanzo, hukusanya tarakimu anazokutana nazo, akifika kwenye herufi anaacha. "12 mm" kwake ni kumi na mbili, hana maneno. Lakini ujumbe ukianza na herufi, hata yeye anagoma.

Wifi anasema majina yangu si ya kitaalamu. Nimemsikia leo akimwambia mwanafunzi wake kwenye simu, "Hapo mtumie Mkali."

Tarehe 13

Mvua imefika! Jamani, harufu ya udongo ile. Mabati yalianza kulia jana alasiri, na watu wazima wakasimama vibarazani wakitabasamu bila kuambiana kitu. Leo asubuhi simu yangu haikupumua. Naandika hapa jumbe zilivyokuja.

Kinyozi wa kituo cha pili, ambaye habari zote za mtaa hupitia kwenye kiti chake: "Radi 2, moja karibu na choo cha jirani yumo ndani. Mvua 17."

Mpishi wa shule, kituo cha nne: "9 tunashukuru."

Mzee Posta, aliyesambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini, kituo cha sita: "Kumi na nne kamili." Haandiki tarakimu kwa sababu, anasema, tarakimu ni rahisi kughushi. Nani aghushi mvua?

Na Bibi Nukta wa kituo cha saba, juu kabisa kilimani kunakonyesha kuliko kote: "23."

Basi. Namba na nukta. Ni mjane, anaishi peke yake, miaka kumi na miwili hajakosa asubuhi hata moja, na hajawahi kuniandikia neno. Sikukuu zikija wenzake wote hunitakia heri, yeye nukta. Jina la Bibi Nukta nilimpa mimi, na sikumpa kwa mapenzi, nilimwona anajidai.

Mkali alimpitisha yeye peke yake. Wengine wote tisa: si namba, si namba, si namba. Mpole alipitisha watano kati yao, akamgomea Kinyozi na Mzee Posta na wengine wawili walioanza kwa salamu. Nilikaa nikiangalia kioo nikifikiri, watu wangu wanafutwa kwa sababu wana adabu.

Tarehe 16

Nimepata dawa! Futa kila kisicho tarakimu, kinachobaki mpe Mkali. Wifi yuko chuoni anasahihisha mitihani, lakini kwani lazima awepo?

Tarehe 17

Lazima awepo.

Mpishi alituma hivi: "8. Samahani miwani, 18." Programu yangu ikafuta nukta, samahani na miwani, ikabaki 818. Milimita mia nane na kumi na nane kwa siku moja! Hiyo si mvua, hiyo ni bahari imemwagwa. Kwa bahati mbaya mkuu alilifungua jedwali kabla yangu. Nilipoingia nilimkuta wima, simu sikioni, anapiga shuleni kuuliza kama kuna waliosalimika. Mpishi mwenyewe ndiye aliyepokea.

"Kuzama?" nilimsikia akipiga kelele upande wa pili. "Nimezama kwenye masufuria, mzee, watoto mia nne wananingoja!"

Mkuu akakata simu, akaninyooshea kidole, akaenda zake. Kinyozi naye kwa radi zake mbili alikuwa amesomeka 217 kwenye ujumbe wake wa tarehe kumi na tatu, ila hilo nimelirekebisha kimya kimya.

Tarehe 19

Wifi amesema njia ni moja: watu waagizwe watume namba tupu, bila hata neno. Nimewatumia wote agizo. Limenikaa vibaya rohoni, lakini nimetuma.

Tarehe 20

Namba kumi tupu. Mkali kazipitisha zote. Ofisi imepoa kama nyumba iliyohamwa.

Tarehe 22

Kinyozi: "26. Nimekatazwa kusema kwamba paa la duka la pembeni limeruka."

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhudumu akaja kuangalia. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa wifi, nikamwambia agizo nalifuta. Miaka kumi na tisa watu hawa wamenipa mvua pamoja na miwani yao na mapaa yao. Kama kompyuta haiwezi kutenganisha namba na maneno, basi tuifundishe, tusiwafundishe wao kunyamaza.

Nilitegemea ataguna. Aliniangalia, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani, akasema, "Tuanze na huyo mzee wa kumi na nne kamili."

Tarehe 27

Siku tano tuko kwenye kazi moja. Tumeandika orodha ya maneno ya hesabu, toka moja mpaka mia mbili, ili Mzee Posta aeleweke. Tumeweka kanuni ya miwani: ukiona samahani, chukua namba ya baadaye. Tumeweka kanuni ya Kinyozi: namba inayofuata neno mvua ndiyo yenyewe, radi zake ni zake. Wifi akikuna kichwa huimba chinichini, na anaimba vibaya kweli kweli. Nimemwambia. Akasema ndiyo maana aliionea wivu sauti yangu harusini. Nikammiminia chai kikombe kingine.

Tarehe 29

Imeanuka siku mbili. Wengi wametuma "Haikunyesha" au "Hakuna mvua". Nikajua leo tumekwama, maana hapo hakuna tarakimu hata moja. Programu ikafuta maneno, pakabaki patupu, ikampa Mkali patupu pale. Na Mkali, yule yule aliyemfukuza mpishi kwa kushukuru, akasema: sifuri.

Sifuri! Ndiyo jibu lenyewe! Nikamkumbatia wifi mpaka miwani yake ikakaa upande.

"Mh," akasema. "Unampa kitu kitupu anasema sifuri? Hebu tuangalie vizuri hapo."

"Wifi, usitafute mfupa kwenye maji. Haikunyesha ni sifuri. Imekwisha."

Akanyamaza. Nilifurahi kwamba amenyamaza.

Tarehe 3, mwezi wa nne

Vituo kumi, namba kumi. Mkuu ametabasamu. Kumbe meno anayo.

Tarehe 7

Mvua. Siku hizi ujumbe sisomi. Nafika ofisini, jedwali limejijaza lenyewe, nanyoosha miguu, nakunywa chai.

Tarehe 8

Mvua. Chai.

Tarehe 10

Mvua kubwa. Mkuu ametuma taarifa juu kwamba vituo vyetu vyote kumi sasa vinaingia kwenye kompyuta bila dosari. Kaniletea nakala niisome. Bila dosari, ameandika, kwa sahihi yake. Watu wangu wamepona! Nimetembea nyumbani bila mwavuli.

Tarehe 14

Mvua haikukata tangu jana. Mume wangu anasema nimenenepa. Namwambia ni chai ya ushindi.

Tarehe 15

Mvua. Chai.

Tarehe 17

Naandika, na matope bado yako kwenye kucha.

Asubuhi nilikuwa naandaa muhtasari wa siku kumi. Siku tatu za mwisho, kituo cha sita, Mzee Posta: 36, 31, 44. Kituo cha nane: 33, 35, 40. Kituo cha saba, katikati yao, kilimani: 0, 0, 0.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mvua ina ubaguzi," akasema. "Hutokea."

Si kule. Kule mawingu huanzia. Nikaanza kutafuta ujumbe wa Bibi Nukta wa leo nione aliandikaje, nukta iko wapi. Sikuuona. Nikatafuta wa jana. Hakuna. Wa juzi, hakuna. Bibi Nukta hakusema sifuri. Bibi Nukta hakusema kitu. Siku tatu hakuja kabisa, na pale alipokuwa hayupo palibaki patupu, na patupu pakapelekwa kwa Mkali, na Mkali akaandika sifuri kana kwamba bibi amesimama pale mwenyewe na kuitamka. Na mimi nikanywa chai.

Zamani nisingekosa kujua. Zamani saa mbili ikipita bila ya "23." ningeshapiga simu.

Nikapiga. Haipatikani. Nikampigia wifi, sikumbuki nilisema nini, ninachokumbuka ni yeye akisema, "Niko njiani." Alikuja na gari lake dogo na viatu vyake vya kufundishia. Gari lilitufikisha chini ya kilima, likazama matope mpaka mlangoni, tukaliacha. Tukapanda kwa miguu saa nzima, mvua inatupiga usoni. Kijito kinachokata njia kilikuwa kimejaa hadi kiunoni. Wifi akavua viatu, akavishika juu ya kichwa, akaniambia, "Nishike mkono, na ukipiga kelele piga kelele zenye faida." Katikati ya maji kiatu kimoja kikamponyoka kikaenda na maji. Hakugeuka hata kukitazama.

Njia nzima nilikuwa nasema moyoni, Mungu wangu, miaka kumi na miwili, na mimi nilimwita mwenye kujidai.

Tulimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda karibu na moto, mguu wa kulia umefungwa kanga juu ya vijiti viwili vya ufagio, umevimba kama mto wa kulalia. Kadogo, nywele nyeupe, macho makali. Akatutazama tulivyolowa, akasema:

"Mmechelewa. Namba zenu ziko mlangoni."

Tukageuka. Kwenye mlango, kwa makaa, kwa mwandiko ulionyooka: 41. Chini yake 38. Chini yake 52. Kila moja na nukta yake.

Alikuwa ameteleza asubuhi ya kwanza akirudi kutoka kupima. Mguu ukalia, simu ikaruka ikaingia dimbwini, ikafa. Majirani wote wako ng'ambo ya kijito.

"Na hizi mbili za mwisho umepimaje, bibi?" wifi akauliza.

"Kwa makalio," akasema. "Nimejiburuta. Miaka kumi na miwili sijakosa, nikose kwa ajili ya mguu?"

Wifi akaanza kucheka. Bibi naye akacheka, kicheko chembamba kirefu ambacho sikujua anacho. Mimi nikalia. Nililia kwa sauti, kipaza sauti kamili, nimeshika ule mlango. Kisha bibi akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu kijitoni.

"Mlijuaje kwamba nimeumia?"

Ningeweza kudanganya. "Hatukujua, bibi," nikasema. "Siku tatu kompyuta imetuambia umetuma sifuri."

Akanyooka kwenye kigoda kile. "Sifuri? Mimi? Kwa mvua hii?" Mguu alikuwa ameuvumilia siku tatu, lakini hili lilimuuma. "Kaseme huko, mimi sijawahi kusema sifuri huku inanyesha! Sijawahi!"

Tulipiga kelele mpaka majirani wa ng'ambo wakasikia. Wakaja wanaume wanne, tukamvusha bibi kwenye kiti, anawaelekeza wote pa kukanyaga, kisha wakalinasua gari matopeni. Hakukubali kuingia garini mpaka jirani muuza mkaa aapishwe kwamba atapima kila siku saa moja. Hospitali wamesema mfupa umepata ufa, utaunga. Wifi amekaa hospitalini na kiatu kimoja mpaka daktari akamuuliza kama naye ni mgonjwa.

Tarehe 18

Kituo cha saba, kutoka kwa muuza mkaa: "29. Nukta nimeambiwa nisisahau."

Tarehe 19

Nimerudi kwenye jedwali lote tangu mvua zianze, nikilinganisha kila sifuri na ujumbe wake. Sifuri kumi na moja hazina mtu nyuma yake. Tatu za bibi. Nyingine nane: mpishi alipokwenda kwenye msiba, Kinyozi umeme ulipokatika simu isichajiwe, na kadhalika. Kumi na moja, katika taarifa iliyoandikwa bila dosari.

Wifi hakusema "nilikuambia". Nilingoja aseme. Alisema tu, "Sifuri ni jibu, wifi. Kimya si jibu." Tukaketi.

Sasa programu huangalia kwanza kama ujumbe upo. Kama haupo, haimwiti Mkali wala Mpole, inaandika KIMYA kwa wino mwekundu, na saa mbili kamili inalia mpaka nipige simu. Kama upo na una neno la kukana mvua, ndipo iwe sifuri. Na maneno hatuyafuti tena. Namba inaingia safu moja, maneno yaliyobaki yanaingia safu ya pembeni, yote, na choo cha jirani kikiwemo.

Kesho lazima nimwambie mkuu. Nikisema, taarifa inaanguka na vituo vyangu vinaanguka nayo.

Tarehe 20

Nimesema.

Alisikiliza amekunja mikono. "Taarifa nimeshaituma," akasema. "Ina sahihi yangu."

"Najua, mkuu."

"Ukikaa kimya, vituo vyako vinabaki."

"Nikikaa kimya, mkuu, kuna mtu juu atasoma kwamba kilimani hakukunyesha siku tatu. Na yule bibi alijiburuta kwa makalio kupima. Siwezi."

Nikamwekea mezani picha ya mlango, ambayo wifi aliipiga kwa simu yake. Akaisogeza karibu, akafuata zile namba kwa kidole, moja moja. Nilishaanza kupanga moyoni barua kumi za shukrani nitaziandikaje. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa shati lile.

"Mtambo ukiharibika, jedwali lao linaandika nini?"

"Sijui, mkuu."

Akanyanyua simu, akapiga juu pale pale mbele yangu, akauliza hivyo hivyo. Akangoja. Nilisikia upande wa pili wakiitana, wakiulizana, mlango ukifungwa. Mwisho akasema "Asante," akaweka simu chini.

"Sifuri," akasema.

Tukatazamana. Mkuu wa ofisi, mwanamume mwenye maneno mawili, akaanza kucheka. Mabega yakacheka kwanza, halafu kola.

"Lete hizo sifuri zako kumi na moja," akasema. "Naandika taarifa nyingine. Na picha hii naibandika ukurasa wa kwanza."

Tarehe 21

Mvua.

Tarehe 26

Mvua. KIMYA moja, kituo cha tisa. Nimepiga. Alikuwa amelala. Ameomba radhi mara saba.

Tarehe 2, mwezi wa tano

Mkuu ameitwa juu kujieleza. Ameondoka na taarifa yake, na safu ya maneno ameichapisha yote. Nimemwambia asipeleke maneno ya Kinyozi mbele za wakubwa. Akasema ndiyo atakayoanza nayo.

Mvua inapungua. Sijui niombe iendelee au iishe. Ikiisha, ndiyo siku ya hukumu.

Tarehe 5

Manyunyu. Bado hajarudi. Nimemtembelea Bibi Nukta kwa dada yake anakouguzia mguu. Nimemwomba radhi kwa jina nililompa. Kumbe analijua, muda mrefu. "Na mimi nilikuita Karani Swali," akasema, "maana kila ujumbe wako unaishia na alama ya kuuliza." Alikuwa hajibu maneno kwa sababu simu yake ilikuwa ya zamani, vitufe vya herufi vilikufa kitambo, zimebaki namba na nukta. Miaka kumi na miwili! Na hakuna hata siku moja niliyouliza.

Wifi amemnunulia simu mpya. Anasema ni pesa aliyotaka kununulia viatu vipya.

Tarehe 9

Mkuu amerudi. Aliingia moja kwa moja kwenye meza yangu bila kupitia ofisini kwake.

"Vinabaki," akasema.

"Vingapi?"

"Kumi."

Nilipiga ukelele ambao nadhani hata kituo cha saba walisikia. Mitambo italetwa, akaendelea, lakini itawekwa pembeni ya watu wetu, na mtambo ukinyamaza atakayeulizwa ni mtu. Programu yetu inapelekwa ofisi nyingine mbili, na wifi na mimi tutaifundisha. Mhudumu akaja mbio akidhani kuna moto. Nikamkumbatia na yeye.

Tarehe 16

Anga safi, hakuna wingu. Bibi Nukta yuko kwake tangu juzi, anatembelea mkongojo, na simu mpya imemtia maneno hata simalizi kuyasoma.

Saa mbili kamili kengele haikulia. Mkuu akapita, akainama kwenye kioo changu, akaona safu nzima ya sifuri toka juu mpaka chini.

"Leo hakuna kitu," akasema.

"Kipo, mkuu. Zipo sifuri kumi," nikamwambia. "Na zote nimeambiwa."